Aliyemzika Kinyozi Kabla ya Wakati

Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni, Fundi anashuka kutoka chumba cha mashine kwa mara ya mwisho, baada ya miaka thelathini na minne ya kutuonyesha filamu. Ngazi ni kumi na saba. Yaulizeni magoti yake.

Mimi mkata tiketi nimeombwa niandike mazuri tu. Haya, nitajitahidi.

Mwaka wake wa pili kazini, Fundi alionyesha katuni kichwa chini miguu juu. Meneja akamwapia kwamba akikosea tena, kazi hana. Na nyumbani palikuwa na mapacha wachanga!

Basi ikaja ile filamu ya kutisha. Aliitengeneza mwalimu mmoja wa hesabu, kwa akiba yake, ndani ya saluni ya dada yake: hadithi ya kinyozi anayenyoa vivuli vya watu. Kumbi mbili zilikuwa zimeshaionyesha na watazamaji wakalala fofofo. Kwetu ililetwa katika makasha matano yasiyo na namba, na Fundi, anayejisifu kwa macho makali, akaweka mkanda wa tano mahali pa wa pili. Kinyozi akafa, akazikwa. Dakika chache baadaye, huyo hapo, ananoa wembe na kumkaribisha mteja.

Lo! Ukumbi mzima ulipiga mayowe. Watu wazima walikumbatia wasiowajua. Kule juu Fundi alikuwa ameshagundua kosa lake, na huku jasho likimtiririka akaandika barua ya kuacha kazi kabla hajafukuzwa. Mwalimu akapanda ngazi mbio. Sote tulijua anakwenda kumzaba kofi. Kumbe alimkumbatia, akamsihi ayatie makasha namba vilevile alivyoyaboronga.

Tangu hapo tumeionyesha kila Jumamosi. Mashabiki hutoka miji ya mbali, taulo za kinyozi shingoni, na kila neno wanalijua kwa moyo. Mapacha nao sasa ni watu wazima wenye watoto wao.

Barua ile Fundi hakuitupa. Juzi alimkabidhi meneja iwe barua yake ya kustaafu. Amebadilisha tarehe tu. Sababu ameiacha palepale, kosa la mkanda wa tano. Meneja amecheka hadi machozi, kisha akalia kweli.

Asante, Fundi wetu. Tutakukosa sana. Nenda ukayafaidi maisha na mkeo na wajukuu, na safari hii mkanda wa mwisho ubaki mwisho kabisa.