Bastola ya Arvi na Mpimaji Wake

Mchungaji, ndugu, majirani na ninyi wakusanyaji wa silaha za kale mliotoka mbali, nimeombwa na familia kuwasomea maisha ya marehemu Ilmo Kaskela, mdogo wake baba yangu, na nimekubali kwa sharti moja, kwamba nisome yote.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Februari 1931 hapa Kauhava, akiwa kitinda mimba wa Eljas na Sanni Kaskela, akasoma shule ya kijiji hadi mwaka 1944, mwaka ambao kaka yake Arvi, yaani baba yangu, alirudi kutoka vitani akiwa hai lakini mikono mitupu, kwa kuwa bastola yake ya aina ya Lahti aliirudisha jeshini kama alivyoamriwa. Baadaye marehemu alisomea ufundi wa vyuma mjini Vaasa, akafanya kazi katika karakana ya silaha mjini Tampere tangu 1951, na mwaka 1975 akarejea nyumbani na kufungua karakana yake mwenyewe.

Alimwoa Maire Ylinen tarehe 24 Juni 1956, wakajaliwa mtoto mmoja, Jouko, aliyeketi hapa mbele na ambaye amesafiri kutoka Västerås, na Maire alitutangulia mwaka 2009.

Jicho lake mlilijua. Alikuwa akiipeleka bastola dirishani, anaigeuzageuza kwenye mwanga wa mchana, anatafuta herufi zilizolegea kingo, matundu ya skrubu yaliyobonyea pembeni, na mikwaruzo yenye weusi ndani yake, kwani mkwaruzo uliojaa weusi umeitangulia rangi, na hapo anatamka kwamba chuma hiki kimesuguliwa na kupakwa upya, na hakuna aliyembishia.

Mwaka 1961 jeshi lilipouza silaha zake kuukuu, baba yangu aliitambua bastola yake kwa namba, akainunua, na mwaka 1989 makumbusho yetu yalipotaka kuiweka kwenye kabati pamoja na jina lake, aliitwa mpimaji, naye mpimaji alikuwa mdogo wake. Tarehe 17 Juni, ukumbi wa parokia ukiwa umejaa, Baba Mdogo aliigeuza mara mbili dirishani, akasema, "Imesuguliwa, imepakwa weusi upya, na namba hii inaonekana imegongwa baadaye. Mtu yeyote anaweza kununua bastola yoyote akaigongea namba aitakayo." Baba akamwambia, "Basi fungua kishikio, Ilmo, uone ndani." Naye akajibu, "Sina haja, uso umeshasema." Watu wakacheka, na mmoja wenu, namtazama sasa hivi, akapaza sauti, "Arvi, hata vita ulinunua dukani?"

Baba aliifunga bastola katika kitambaa, akaenda nayo nyumbani. Mama alimsihi aifungue mwenyewe, akakataa katakata, akasema, "Aliyenifunga mdomo ndiye atakayeifungua." Ukaidi wa kwetu mnaujua, haukuanza na wao wala hautaishia kwao. Tangu hapo sauna ya Jumamosi, bafu la mvuke ambamo ndugu hawa walikoga pamoja tangu utoto, kila mmoja aliiwasha kwake, na tarehe 3 Novemba 1996 baba yangu alikufa akiitwa mwongo katika kijiji alichokipigania. Inaniuma hadi leo, sitaficha.

Marehemu alianza kuugua mapafu mwaka 2011, na kwa kuwa Jouko yuko ng'ambo, nilimwuguza mimi. Msimu wa baridi uliopita aliniomba nimletee ile bastola, nikampelekea, akaiweka kwenye meza ya jikoni, akachukua bisibisi yake mwenyewe na kutoa skrubu za kishikio. Pale chini, mahali ambapo gurudumu la kung'arishia halikufika, ilikuwepo namba ileile, kali kingo zake kama ilivyotoka kiwandani, na kando yake muhuri wa karakana ya jeshi wa mwaka 1958. Kahawa yake ilipoa bila kuguswa. Mwishowe akasema, "Walioisugua ni jeshi lenyewe, Hilkka. Ni ya Arvi."

Nikamwambia, "Basi twende ukawaambie, Baba Mdogo, gari liko nje." Akatikisa kichwa. "Nikifa, sema wewe. Nikisema mimi, watanirudishia zote nilizowahi kuzipima." Alifariki tarehe 21 Machi 2013 hospitalini Seinäjoki, jina lake likiwa safi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotusafishia theluji mlangoni, na wakusanyaji wenzake kwa mashada yao. Bastola iko kwenye kabati la makumbusho, nimeomba isirudishiwe kishikio upande mmoja ili namba ya ndani ionekane, na baada ya kahawa mlango utakuwa wazi, hasa kwa wale waliocheka.

Baba Mdogo, ilikuwa kazi ya bisibisi na dakika chache, nawe ulikuwa nayo mfukoni siku ile. Nimesema kama ulivyoniagiza. Kapumzike kwa amani, kama Arvi atakufungulia mlango wa sauna.