Wimbo Uanzie Chini: Safari ya Mwalimu Winfred Kalekye

Wapendwa waombolezaji, mimi ni Mbithi, mdogo wake marehemu, na mkisikia sauti yangu inakwaruza mnisamehe, ni uchovu wa siku nane za matanga, uchovu ambao dada yangu angenigombeza kwa ajili yake, maana aliamini mtu asisimame mbele za watu kabla hajalala.

Mwalimu Winfred Kalekye alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 huko Wamunyu, kifungua mimba wa mzee Ndolo, mchonga vinyago, na mama Kasyoka. Alisoma shule ya msingi kuanzia 1968 hadi 1974, akaingia sekondari 1975, na huko ndiko mambo yalikoharibikia, kwani mwaka 1978, akiwa na miaka kumi na saba na mafua yamemkaba, alipandishwa jukwaani kwenye tamasha la muziki aimbe wimbo uliomzidi kimo, akaulazimisha, sauti ikapasuka katikati ya ubeti wa pili, na noti za juu hazikumrudia tena. Baba alisema tu kwamba mti mbichi ukichongwa hupasuka, akarudi kwenye kazi yake.

Alihitimu ualimu 1982, akafundisha shule nne hadi alipostaafu 2021 hapa Katelembo, ambako pia aliongoza kwaya ya kanisa kuanzia 1992. Wanakwaya mnajua alivyowasumbua: maji ya uvuguvugu, si soda baridi, pumzi ijaze tumbo na mabega yatulie, maneno yasomwe kwanza kama barua ndipo yaimbwe, wimbo uuchague kwa koo lako, si kwa sababu jirani aliuimba akapigiwa vigelegele, na ukisahau ubeti songa mbele, waumini hawana karatasi yako. Wiki ya msiba wowote aliwakataza kupaza sauti kila jioni, akisema machozi na sauti havipiti njia moja, lieni mapema, mtuimbie siku ya kuzika.

Tarehe 8 Desemba 1984 alifunga ndoa na Henry Nzomo, mchimba mawe wa Mlolongo, aliyetutangulia 2009, nao wakajaliwa Nzilani, 1986, na Mwendwa, 1989.

Hapa familia imekubaliana nisifiche. Nzilani aliomba kuanzisha wimbo kanisani akiwa na miaka kumi na saba, mama yake akamwambia bado, akaomba tena na tena, jibu likawa lile lile, mpaka 2016 akamuuliza mbele ya kwaya nzima, "Mama, niko na miaka thelathini, hii sauti itaiva lini?" Nzilani akahamia Mlolongo, na kwa miaka tisa hakuimba popote, wala mama yake hakulala vizuri, ingawa alikuwa mgumu kusema.

Mwaka 2023 moyo wa dada yangu ulianza kupanuka, ngazi tatu zikamshinda, na mtu aliyefundisha wengine kupumua akawa anaitafuta pumzi yake mwenyewe. Machi mwaka huu Nzilani alikuja kumuuguza, na siku moja, akimpa uji, mama yake alimwambia kwa maneno ya kukatika kwamba miaka yote ile alikuwa akilinda sauti yake mwenyewe, iliyokwisha kupasuka zamani, akamnyima mwanawe nafasi ya kutumia yake iliyo nzima, na akamwomba msamaha. Nzilani alilia hadi uji ukapoa, kisha akaupasha moto upya. Dada yetu alifariki Ijumaa, tarehe 9 Mei 2025, saa kumi na moja alfajiri.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mlioteka maji na kupika bila kuitwa, walimu wenzake, na kwaya, ambayo kwa mara ya kwanza imetii na kunyamaza wiki nzima.

Aliacha agizo moja, kwamba wimbo wa kumshusha kaburini aanzishe Nzilani, asiharakishe, na aanzie chini kidogo, ili hata sisi tuliochoka tuweze kufuata.

Kalekye, umefundisha vya kutosha, pumzika kwa amani. Nzilani, njoo.