Mwalimu Mara Moja Anaondoka, Sofa Asiuzwe

"Farasi anayeruka kwa kuguswa kidogo tu na mguu ni farasi aliyepigwa sana."

Maneno haya aliyasema mkuu wa timu yetu ya mashindano Jumatatu iliyopita, kwenye kikao cha kupanga sherehe ya kumuaga mwalimu mkuu wa upandaji. Aliyasema taratibu, huku akikoroga chai ambayo haikuwa na sukari. Wajumbe wawili wakatikisa vichwa kwa masikitiko kana kwamba wameonyeshwa maiti. Mimi niliyepewa kazi ya kuandika wasifu huu kwa ajili ya jarida la shule nilikuwa nimekaa pale pale, na tangu siku hiyo najiuliza: mtu aliyenyamaza miaka yote, halafu akatoa tuhuma kama hiyo wiki ya mwisho, anafunika nini?

Tuanze na yanayojulikana. Mwalimu huyo, ambaye shule nzima inamwita Mara Moja, anastaafu rasmi tarehe thelathini mwezi huu baada ya miaka ishirini na tisa ya kazi. Alikuja hapa na tandiko lake mwenyewe begani, viatu virefu vinavyong'aa na mdomo usiopumzika. Unyenyekevu hakuwa nao na hajawahi kuutafuta. Siku ya kwanza, mkurugenzi wa wakati huo alimtembeza mazizini akimsifia farasi mmoja baada ya mwingine. Walipofika mwisho, mgeni akamwambia, "Mzee, farasi wako wazuri. Tatizo ni kwamba wote viziwi, na waliowaziba masikio nimewapita pale nje wakinywa soda." Aliajiriwa jioni ile ile, nadhani kwa hasira.

Kwa wasomaji wa idara ya uhasibu na jikoni, ambao huwaona farasi kupitia dirishani tu, nieleze kidogo. Dresaji ni mchezo ambao farasi hubadilisha hatua, huzunguka na kusimama kwa ishara ambazo mtazamaji hatakiwi kuziona. Ishara kubwa kati ya hizo ni ya mguu. Shavu la mguu wa mpandaji likigusa ubavu wa farasi, farasi anatakiwa aende mbele hapo hapo, bila kubembelezwa na bila kuburutwa. Asipoitika hapo, mengine yote ni mapambo.

Sasa njoo uone tulivyokuwa tukipanda kabla yake. Tulibana mbavu kila hatua, mguu unapiga, unapiga, kama fundi anayekanyaga cherehani usiku wa kuamkia harusi. Farasi alienda, tukabana. Farasi aliposimama, tukabana zaidi. Mnyama akaona kwamba akienda anapigwa na asipoenda anapigwa, akaamua kuokoa nguvu zake. Sisi tukamwita mvivu.

Daktari wetu wa meno, mwanachama wa siku nyingi na mtu mwenye uzito wake, aliwahi kushikwa katikati ya kazi hiyo. Mara Moja alimsimamisha mbele ya darasa zima.

"Daktari, mgonjwa ukimwambia fungua mdomo, akafungua, wewe ukaendelea kumwambia fungua, fungua, fungua, atafanyaje?"

"Ataona nimechanganyikiwa."

"Na kesho yake ukimwambia fungua?"

"Hatanisikiliza."

"Basi shusha miguu, bwana mkubwa. Mgonjwa wako alishafungua zamani."

Jina lake lilitoka kwenye utaratibu wake. Omba mara moja, kwa mguu mwepesi. Farasi akiitika, mguu unyamaze, ulale tu ubavuni, na huko kunyamaza ndiko shukrani yake. Asipoitika, usiombe kwa nguvu zaidi. Mguse kwa ufito nyuma kidogo ya mguu, mguso mmoja wa kueleweka, aende. Kisha rudi mwanzo, uombe tena kwa wepesi ule ule wa kwanza, uone kama sasa amesikia. Hatua hii ya mwisho ndiyo wanafunzi husahau. Wakishafanikiwa kwa ufito wanafurahi, wanaendelea na safari, na farasi anajifunza kusubiri ufito badala ya kusikiliza mguu.

Na kuna kosa jingine, ambalo nimeliona kwa wapandaji wenye medali. Farasi akiguswa na ufito huruka mbele, pengine kwa haraka kuliko ulivyotaka. Mpandaji anashtuka, anavuta hatamu. Kosa hilo tu ndilo lililokuwa likimfanya Mara Moja apige kelele. "Umemwita mtu, kaja mbio, umemfungia mlango usoni," alikuwa akisema, "halafu kesho unashangaa haji." Alimtaka mwanafunzi ashike manyoya ya shingo kabla ya kutumia ufito, ili mkono usipate nafasi ya kuvuta. Wakurugenzi, mawakili na hata padri mmoja waliwahi kuzunguka uwanja wetu wameng'ang'ania manyoya kama watoto.

Mkewe, muuguzi mstaafu mwenye ulimi mkali kuliko wake, anasema nyumbani utaratibu huo haujawahi kufika. "Huyu humwambii jambo mara moja," aliniambia. "Takataka zinamsubiri mlangoni tangu juzi, na yeye anazipita anazisalimia."

Kwa utaratibu huo shule yetu ilipata kombe la dresaji mara mbili. Kombe lenyewe limekaa kabatini ofisini kwa mkuu wa timu. Jina la mpandaji limechongwa, jina la shule limechongwa, jina la mkuu wa timu limechongwa. La aliyewafundisha farasi halimo. Bila shaka nafasi haikutosha.

Lakini kazi iliyomletea sifa na maneno ni Sofa. Sofa ni farasi jike mwekundu, mpana, aliyeletwa kwetu baada ya kukataliwa na shule mbili. Tulimpa jina hilo kwa sababu ukimkalia unakuwa umekaa, hakuna safari. Mara Moja alimchukua. Kwa majuma ya kwanza alimpanda hatua za kawaida tu, kusimama na kuondoka, kusimama na kuondoka, mpaka sisi watazamaji tukapiga miayo. Msimu ulipokwisha, Sofa alikuwa akitoka kusimama hadi mchakamchaka kwa mguso ambao mtu aliyekaa benchi la mbele asingeuona.

Hapo ndipo minong'ono ilipoanza. Mnyapara wa mazizi alivikagua viatu vya Mwalimu kutafuta misumari. Mwingine alisema farasi anapewa kitu kwenye maji. Mkuu wa timu alimwita daktari wa mifugo ampapase mbavu, na daktari hakuona kidonda, kovu wala uvimbe. Mara Moja mwenyewe aliposikia, alivua viatu, akavitundika kwenye mlango wa chumba cha matandiko, akasema anayetaka avae. Havikumtosha mtu.

Ndiyo, alitumia ufito. Sifichi, na mkuu wa timu anajua sifichi, ndiyo maana ameupanda ufito huo kufika kwenye tuhuma yake. Lakini nenda kamtazame farasi aliyepigwa. Inua fimbo mbele yake uone shingo inavyopanda na weupe wa jicho unavyotokea. Kisha kumbuka Sofa, ambaye Mara Moja alikuwa akimkuna mgongo kwa ufito ule ule baada ya kazi, naye anashusha kichwa, mdomo wa chini unalegea, anasinzia. Tulimwona sote, pamoja na mkuu wa timu, na kuna siku alicheka.

Mwanzoni mwa mwezi huu Mwalimu alianza likizo yake ya kustaafu. Tangu siku hiyo, ukitoa dakika chache nitakazozisimulia, Sofa amepandwa na mtu mmoja tu, anayejiandaa naye kwa mashindano. Simtaji, kwa sababu kila anayesoma jarida hili anamjua, na cheo chake nimekwisha kukitaja. Jumamosi ya majuma mawili baadaye, Mara Moja alipita kuchukua tandiko lake. Mimi nilikuwepo, daktari wa meno alikuwepo, mnyapara alikuwepo. Mwalimu aliingia kwa Sofa kumsalimia, akapitisha kiganja ubavuni kinyume cha manyoya, akasimama. Pande zote mbili, pale kisigino kinapoangukia, manyoya yalikuwa yamekwisha. Ngozi ilikuwa tupu, upana wa kifuniko cha chupa.

"Nani anamgonga mbavu huyu?" aliuliza.

Mkuu wa timu alikuwa mlangoni. Viatuni alikuwa amefunga vyuma vya kisigino, vile vyenye ncha. "Mwalimu, huyu ni farasi wako," alisema. "Umemharibu mwenyewe. Nikimgusa anaruka, nikimzuia anagoma. Sasa simwelewi."

"Akiruka unafanyaje?"

"Namkamata. Nimwache anikimbize?"

"Halafu?"

"Halafu hataki kwenda, nambana mpaka aende. Ulitaka nimwimbie?"

Mara Moja alimwomba daktari wa meno apande, bila vyuma, na mnyapara akamletea ufito. Daktari alijitetea kwamba goti linamuuma na kwamba ametoka kula. Alipandishwa hivyo hivyo. Aliomba kwa mguu mwepesi, Sofa akasimama kama samani. Akashika manyoya, akamgusa kwa ufito. Sofa akatoka mbio, daktari akayumba, akasema neno ambalo wagonjwa wake hawajawahi kulisikia, lakini hatamu hakuzivuta. Mwalimu akamwambia amwache, amwache, amsifie. Walizunguka nusu ya uwanja, wakasimama. Akaomba tena kwa wepesi ule wa mwanzo. Sofa akaondoka kabla sijaona mguu umegusa wapi.

"Leo ana hamu tu," alisema mkuu wa timu.

"Basi vua vyuma upande wewe, hamu yake haijaisha," Mwalimu akamwambia.

Mkuu wa timu akatazama saa, akasema ana kikao. Ilikuwa Jumamosi mchana. Mimi huwa napeleka taarifa za vikao vyote vya shule hii, na sikijui kikao hicho mpaka leo.

Sasa rudi kwenye ile chai. Siku chache baada ya tukio hilo mtu yule yule anatuambia kwamba farasi wa Mara Moja walipigwa. Anapendekeza mambo mawili, yatakayopigiwa kura Ijumaa: Sofa auzwe kwa sababu ameharibika na hafundishiki, na wanafunzi wote wafungwe vyuma vya kisigino kuanzia muhula ujao ili "kurudisha nidhamu ya mguu". Niite mtu wa shaka, nimezoea. Lakini mbavu zilizokuwa nzima mbele ya daktari wa mifugo zimechubuka katika likizo ya mtuhumiwa. Farasi akiuzwa, mbavu hizo zinaondoka naye, na inabaki kauli tu kwamba mzee aliyestaafu alikuwa mkatili. Na anayemnunua farasi aliyeandikwa hafundishiki hanunui wa kupanda. Ananunua wa kuchinja, mnajua.

Mtu anaweza kusema huu si wakati wake, kwamba wasifu wa kuaga unataka keki na picha. Keki ipo, wa jikoni wameniahidi. Ila siwezi kumpigia Mwalimu makofi ukumbini huku jina lake likipakwa matope kwenye chumba cha pili.

Mwalimu, asante. Asante kwa farasi uliowarudishia masikio, na kwa sisi uliotuambia ukweli mbele za watu, kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. Tunakuombea afya, usingizi wa mchana usiokatizwa na mtu, na miaka mingi ya raha pamoja na mama, ambaye tunamtakia subira. Tandiko lako, uliloliacha Jumamosi ile, bado lipo chumbani, na hatutaki ulichukue haraka.

Ninyi wajumbe mtakaopiga kura Ijumaa, msianzie ukumbini. Anzieni zizini. Vueni saa na pete, mpapase mbavu za Sofa kinyume cha manyoya, kila mmoja kwa mkono wake, na daktari wa mifugo awepo aseme mbele yenu mchubuko ule una umri gani. Na wewe, mkuu wa timu, uwe uwanjani kabla ya kikao, uvue vyuma vyako tukikuona, umpande farasi unayetaka kumuuza. Ukiwa na udhuru siku hiyo pia, ondoa hoja yako mezani na umwachie Mwalimu jina lake.