Sahani ya Majimbi kwenye Lango la Sainval

Wasikilizaji wapendwa, leo tumemzika Mama Eudoxie Labarre, wa hapa Fonds-Galet, Martinique. Amekufa bila kusamehe. Nalisema wazi kwa sababu mwenyewe aliagiza lisemwe.

Eudoxie alikuwa kibarua kwenye migomba ya Bwana Hubert de Sainval. Kazi yake ilikuwa kumwaga klordekoni, unga wa kuua fukusi, kwenye mashina ya migomba. Aliumwaga kwa mikono mitupu. Mumewe, Théramène, alibeba magunia ya unga huo mgongoni. Jioni walikung'uta nguo, wakala.

Théramène alikufa kwa saratani ya tezi dume. Baadaye wakaja wapimaji wa udongo. Unga ulikuwa umepigwa marufuku zamani, lakini waliukuta ungali ardhini, hadi kwenye bustani zilizo chini ya shamba la Sainval. Eudoxie akakatazwa kula alichopanda.

Sainval akasema gazetini kwamba sumu hiyo wanakijiji wameileta wenyewe, kwa dawa zao za madukani. Shamba lake, alisema, ni safi. Akaja kurudia hayo kwenye mkutano wa kijiji. Eudoxie akamfuata mezani na sahani: majimbi, chewa wa chumvi, pilipili.

“Bwana Hubert, haya nimeyachimba kwako, katikati ya migomba yako. Karibu.”

“Ahsante, Mama Eudoxie. Nimeshakula.”

“Kidogo tu. Si umesema kwako ni safi?”

Watu wakacheka. Kisha kicheko kikakatika, maana Sainval alikuwa ameitazama sahani bila kuigusa. Akaisukuma kando.

“Basi mmejua sumu ilikotoka,” Eudoxie akawaambia watu. “Mwenyewe hali.”

Hakuishia hapo. Kila Jumapili, akitoka kanisani, aliweka sahani ya majimbi langoni kwa Sainval. Binti yake, Maryvonne, ananiambia: “Nilimwomba aache, wataitwa polisi. Akasema, ‘Waje. Na wao nitawapakulia.’”

Wageni wa Sainval wakaanza kuuliza kisa cha sahani. Wanunuzi wa ndizi nao wakauliza. Mwishowe akafunga nyumba, akahamia Ufaransa. Gari lake lilipopita, Eudoxie alikuwa kando ya barabara, amevaa nguo ya sikukuu.

Wiki jana padri alimwuliza kama amemsamehe.

“Mungu akitaka kumsamehe, shauri yake,” akajibu. “Mimi bado.”

Jana lilifika shada la maua kutoka kwa Sainval. Maryvonne hakuliingiza ndani. Alilichukua hadi shambani kwa Sainval, akalitupa kwenye mtaro wa maji machafu.

Tunampa pole Maryvonne na ukoo wote wa Labarre. Nanyi wasikilizaji wapendwa, unga ule utadumu ardhini kuliko sisi, kuliko hata wajukuu wetu. Yafikirini hayo mtu akiwaambia yamepita. Sainval yu hai, ana afya njema. Kesi ambayo vibarua wamemfungulia kwa ajili ya unga huo inaendelea, na itakapotajwa, Maryvonne atasimama mahali pa mama yake. Nimemwuliza atasema nini.

“Nitamuuliza kama ameshapata njaa.”