Kamba Mbili za Dada Hilaria

Marehemu Hilaria Petro Mdoe alizaliwa tarehe 14 Machi 1969 katika kambi ya wafanyakazi wa shamba la mkonge, Ngombezi, Korogwe. Alikuwa mtoto wa tatu wa Mzee Petro Mdoe, mkata mkonge. Kitinda mimba wa nyumba hiyo ni Isaka, aliyeandika wasifu huu na anayeusoma sasa. Isaka ana hasira, na hataificha msibani.

Marehemu alisoma shule ya msingi hapo hapo Ngombezi, 1977 hadi 1983. Wanafunzi wakipigana, walimu walimtuma yeye. Hakumshika mtu shati. Alikaa chini kwenye vumbi karibu na mwenye hasira kuliko wote, akamwuliza, "Umekula leo?" Isaka aliulizwa swali hilo kuliko mtoto yeyote kambini, na mara nyingi jibu lilikuwa hapana.

Mwaka 1988 alisomea uhudumu wa afya, akafanya kazi katika zahanati ya Kwashemshi. Mwaka 2004 alihamia kituo cha wagonjwa wa akili upande wa Handeni. Uongozi uliomba jina la kituo lisitajwe, na halitajwi. Uliomba pia aya hii ifutwe. Haikufutwa.

Mgonjwa akipandwa na ghadhabu, wahudumu wenzake Hilaria walikimbilia kamba. Hilaria aliwaondoa watazamaji kwanza, akasimama pembeni bila kuziba mlango, mikono yake ikionekana, akasalimia kama mgeni anayepiga hodi. Sauti ya mgonjwa ikipanda, yake ilishuka. Kisha alisubiri, hata nusu saa. Siku moja Mzee Ukasha, mkulima wa mahindi wa Handeni aliyekuwa akisikia sauti kichwani, aliinua jembe wodini.

"Shikamoo, Mzee Ukasha."

"Usinisogelee!"

"Sisogei, mzee. Nimekaa hapa hapa. Ukitaka tutoke nje tutatoka, ukitaka tubaki tutabaki. Sema wewe."

Chai ya saa nne ilipoa wakisubiri. Mwishowe mzee akasema, "Marahaba," akaliweka jembe chini mwenyewe. Wahudumu wapya walifundishwa hivyo, na kwa miaka mingi kamba zilikaa stoo zikiliwa na panya.

Tarehe 12 Septemba 1992 marehemu alifunga ndoa na Gregori, fundi mashine wa kiwanda cha katani, wakaweka makazi Manundu. Mungu aliwajalia watoto wawili, Rhoda na Castory. Gregori anasema kwa miaka thelathini na miwili mkewe hakuwahi kumfokea mtu, ila kuku tu walipoingia jikoni.

Agosti 2023 aligundulika na maradhi ya figo, na Machi 2024 akaacha kazi. Haikupita hata miezi minane, kamba zikatoka stoo. Mzee Ukasha aligoma kuoga maji ya baridi. Mlinzi mpya, Richard, alimfokea, akamkaba shingo, na mzee alipojitetea, yeye na wenzake wakamfunga mikono na miguu kwa kamba mbili ndefu za kufungia mizigo ya lori. Siku mbili, mtu mzima, mwenye wajukuu! Hakuna aliyempa hata salamu. Husna, mhudumu aliyefundishwa na marehemu, ndiye aliyempigia Hilaria simu akilia.

Ijumaa tarehe 18 Oktoba 2024 Hilaria, miguu imevimba, viatu haviingii, alipanda basi la Handeni. Isaka alimsindikiza, na alikwenda kupigana. Alipomwona Richard getini alianza kumtukana na kukunja mikono ya shati.

"Isaka, kaa chini," dada yake alisema.

"Huyu ni wa kupigwa, dada!"

"Ukimpiga, kesho atamfunga mwingine, na atasema amefundishwa na wewe. Kaa."

Isaka alikaa kwenye vumbi akilia kwa hasira. Hilaria akamsalimia Richard, akamwuliza kama amekula, kisha akamwomba waende wakafungue mafundo pamoja. Walifungua. Hilaria akazikunja kamba zote mbili, akazitia kwenye kapu lake, akarudi nazo Korogwe.

Marehemu alifariki hospitalini Korogwe, Jumanne tarehe 5 Novemba 2024, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka hamsini na mitano. Juzi kituo kilileta shada la maua lenye maneno "Nguzo yetu." Wiki hiyo hiyo kimeagiza kamba mpya. Mkurugenzi wake amekaa kiti cha mbele. Isaka amemsalimia vizuri, kama alivyofundishwa. Alimwahidi dada yake kwamba hatapiga kelele, kunyamaza hakuahidi.

Marehemu ameacha mume, watoto wawili, wajukuu watatu, mdogo wake Isaka, na Mzee Ukasha, aliyekuja leo na Husna.

Jeneza litashushwa kwa zile kamba mbili. Ncha tatu zitashikwa na Gregori, Castory na Mzee Ukasha. Ya nne ni ya Richard, ambaye amesimama kule nyuma. Asogee, hakuna atakayemgusa. Desturi ni kamba kuvutwa na kurudishwa juu. Leo zitaachwa chini, na mkurugenzi anaombwa asimame karibu aone zikifukiwa.

Apumzike kwa amani Dada Hilaria, na kamba zisiamke tena.