Hezekia Mtewele, Aliyengoja Njia Panda ya Makambako

Baba Mchungaji, wazee wa ukoo, mama zetu, na ninyi mliotoka Makambako, Igwachanya na hata Ipelele kwa miguu, familia inawashukuru kwa kufika, na inawaomba mkae vizuri, kwa kuwa historia hii marehemu aliiagiza mwenyewe na hakutaka ifupishwe.

Hezekia Mtewele alizaliwa tarehe 9 Juni 1912 hapa kijijini, nje kidogo ya Njombe, akiwa mtoto wa pili wa Mzee Yakobo Mtewele. Tarehe hiyo aliichagua. Mama yake alikumbuka tu kwamba ulezi ulikuwa unavunwa na kwamba ukungu ulikaa siku tatu bila kuondoka, basi siku alipopelekwa kuandikishwa shule ya misheni, Jumatatu tarehe 9 Juni 1924, Mwalimu Kornelio alimwambia ataje siku yoyote, mradi daftari lisibaki wazi, naye akataja siku ile ile aliyosimama pale, akarudisha nyuma miaka kumi na miwili. Aliyemfuata mstarini, Yoeli Mgaya, mtoto wa jirani, akasema na yeye anaitaka hiyo hiyo. Mwalimu aliweka kalamu chini akauliza, "Ninyi mama yenu ni mmoja?" na Yoeli akajibu, "Hapana mwalimu, daftari ndilo moja." Tangu hapo wakaitwa mapacha wa daftari, na wenye umri wao waliopo hapa wanalikumbuka jina hilo.

Walisoma pamoja hadi darasa la nne, mwaka 1928, wakilala chini ya blanketi moja miezi ya baridi, siku ambazo umande uliganda juu ya nyasi na walimpelekea mwalimu kuni huku wakirukaruka kwa sababu ya miguu mitupu. Baada ya shule walilima, na kuanzia mwaka 1933 walifanya kazi ya kuchonga barabara, Hezekia akishika sururu na Yoeli akisukuma toroli, kwa maelezo ya Yoeli kwamba toroli angalau linakwenda mahali.

Sehemu inayofuata baadhi ya wazee walishauri isisomwe leo, na walishauri kwa nia njema, lakini marehemu alisema kwamba asiyesoma hii asisome na nyingine.

Mwishoni mwa Oktoba 1936 mapacha hawa walijiandikisha kwenda kukata mkonge Tanga, wakatembea hadi Makambako, kwenye kambi ya kungojea malori. Asubuhi ya Jumatatu tarehe 2 Novemba dresa, yule mganga msaidizi wa kambi, aliwapima, akakuta Hezekia ana homa, akamtoa kwenye mstari. Yoeli alikuwa amekwisha kupanda. Akainama juu ya ubao wa lori akauliza, "Pacha, niende au nishuke turudi?" Hezekia akajibu, "Nenda, nakuja na lori la Jumatatu ijayo." Yoeli akaenda.

Jumatatu iliyofuata homa ilikuwa imekwisha, lori lilikuja, nafasi ilikuwapo, na Hezekia hakupanda. Kwa miaka mingi alieleza kwamba alibaki kwa sababu mlinzi wa kambi alikuwa ameacha kazi na yeye alipewa nafasi yake, jambo ambalo ni kweli, lakini baadaye aliacha kulieleza hivyo. Alimwambia mkewe, na mkewe ametuambia sisi, "Hakuna aliyenizuia. Niliogopa kidogo, na uji wa kambini ulikuwa mzuri, nikaamua." Wale waliokwenda na Yoeli walirudi Septemba 1937 bila yeye. Mmoja alisema Yoeli alimaliza kipande chake cha siku za kazi akashika njia ya pwani, mwingine alisema alivuka kwenda Mombasa, na zaidi ya hapo hakuna habari iliyofika hadi leo.

Marehemu alikaa katika kazi hiyo ya kambi miaka ishirini na miwili na zaidi, akichota maji, akipika uji, na kugonga chuma alfajiri kuwaamsha wasafiri. Saa hakuwa nayo, aligonga dereva alipokuwa tayari, na aliyelalamika kwamba bado ni mapema aliambiwa akamlalamikie dereva, maana Makambako kumekucha lori likiwaka. Wengi waliona Makambako ya siku zile kuwa upepo na njia tatu tu, ya Iringa, ya Mbeya na ya Njombe, mahali pa kupita. Yeye aliona kwamba mahali panakuwa mahali mtu akingojea hapo, na alikaa kibarazani akiitazama njia ya Iringa, ambayo malori yalipitia yakirudi.

Kila kijana aliyepita pale aliulizwa swali moja kabla ya kupewa uji, "Umetumwa au umeamua?" Wengi walijibu kwamba wametumwa na kodi, naye aliwajibu, "Kodi haijapanda lori, umepanda wewe." Walimpa jina la Bwana Umeamua, na walimtania kwa jina hilo mpaka Tanga. Wapo walioshuka wakarudi makwao baada ya kuulizwa, wapo waliokwenda, na hakumwambia hata mmoja aende wala abaki, hata alipoombwa kwa machozi. Mwaka 1951 Mpangwa mmoja kutoka Ludewa alimgeuzia maneno, "Na wewe baba, hapa umetumwa au umeamua?" Waliokuwapo wanasema marehemu alikoroga uji akasema, "Naamua kila asubuhi."

Alifunga ndoa tarehe 7 Oktoba 1939 na Yunisi, binti wa Mzee Hilari Sanga wa Ipelele, ambaye alipita kambini akiwa na baba yake na, alipoulizwa lile swali, akajibu kwamba yeye ameomba uji, hakuomba maswali. Mungu aliwajalia watoto watatu, Getruda mwaka 1941, Hilari mwaka 1944 na Ema mwaka 1949. Hilari alipozaliwa ukoo ulitaka aitwe Yoeli, marehemu akakataa, akisema jina hilo lina mwenyewe.

Kila tarehe 9 Juni alikuja hapa kijijini kwa Mama Telesia, mzazi wa Yoeli, ambaye tunaye mbele yetu, naye alimpikia ugali wa ulezi akaandaa sahani mbili, na walikula ya kwanza wakiitazama ya pili. Mwaka jana mama alimwambia, "Mwanangu, miguu ilikuwa yake." Hezekia akajibu, "Na neno lilikuwa langu, mama." Mama akasema, "Basi kila mtu abebe chake, ule, ugali unapoa," na marehemu alituambia kwamba siku hiyo alikula akashiba.

Alianza kuugua kifua mwezi Machi 1959, akalazwa katika hospitali ya Njombe tarehe 4 Mei, akarudishwa nyumbani tarehe 20 Julai. Wenzake wa Makambako waliomba azikwe huko alikoishi, ukoo ukataka azikwe hapa, maneno yakawa marefu mpaka mgonjwa mwenyewe akaomba kuinuliwa. Alisema, "Nimemngoja pale njiani miaka yote hii. Sasa ni zamu yake kunitafuta. Nizikeni nyumbani, nyumbani anapajua." Alifariki Jumatano tarehe 12 Agosti 1959, saa tatu asubuhi, mkewe akiwa amemshika mkono.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani walioleta kuni, maji na unga, wenzake wa kambi ambao leo wameacha zamu zao, na usharika kwa nyimbo na sala. Inamshukuru Mama Telesia, aliyesema kwamba sahani mbili za mwezi Juni zitaendelea kuandaliwa.

Hezekia ameishi miaka 47, miezi miwili na siku tatu, kwa hesabu ya siku aliyoichagua. Yoeli Mgaya, kama yupo, sasa kwa mara ya kwanza amemzidi pacha wake umri, kwa siku hizi mbili tangu Jumatano, na upande wa kushoto wa kaburi hili tumeacha nafasi yake. Ndugu yetu, umengoja vya kutosha, pumzika kwa amani.