Bi Earlene Anaacha Dirisha la Kuku

Bi Earlene Stubbs amehudumu miaka ishirini na sita hapa hotelini kwetu Kissimmee, na Ijumaa hii, tarehe 30 Mei, anastaafu. Nimeambiwa niandike mimi kwa kuwa nimekaa nyuma ya dirisha lake muda mrefu kuliko mtu yeyote. Mimi ndiye mpishi wa kuku. Naomba hilo likumbukwe, maana wageni hawalikumbuki.

Alianza kwa kufuta meza, akapanda cheo hadi dirisha la kuuzia kuku, na hapo akagoma kupandishwa tena. "Ofisini hakuna watoto," alisema.

Wageni wetu hutoka kwenye bustani za michezo ya watalii jua limewachoma, wakaona bei ya sahani, wakatazamana. Hapo Bi Earlene huinama: "Mpenzi, usinunue mbili. Kuku huyu anatosha watu wawili. Chukua moja, nikuongezee uma na bakuli." Wakubwa walimwonya, naye akawajibu kwamba mgeni aliyekamuliwa harudi.

Wageni wake hurudi kila mwaka wakiuliza, "Yuko wapi yule mama mwenye kuku mtamu?" Kuku wangu huyo. Vitunguu nakata mimi machozi yakinitoka, mchuzi nakoroga mimi, anayekumbatiwa ni yeye. Hata binti yangu Yaritza, niliyemlea kwa mchuzi huohuo, aliniambia, "Mami, wa Bi Earlene ni mtamu zaidi." Sufuria ni moja, jamani.

Sasa dirishani panawekwa mashine ya kuagizia chakula. Usingizi umenipaa. Mashine haitamwambia mama mwenye mtoto mmoja asinunue sahani mbili. Nilipomlilia Bi Earlene, alicheka. "Basi toka huko jikoni, Nereida. Wivu wote huo, dirisha litakushinda?"

Nikaenda kuomba. Wakubwa wamekubali nikae dirishani saa za mchana, mashine isubiri mpaka likizo za shule ziishe, halafu wataamua.

Jumatatu nilijaribu, yeye akiwa nyuma yangu. Nilimwongezea mama mmoja uma na bakuli. Mtoto wake akasema, "Asante, Bi Earlene."

Nikaitikia.

Asante kwa yote, mwenzetu. Kapumzishe hiyo miguu, ule ukiwa umekaa, Mungu akupe afya na wajukuu wenye kelele. Na siku ukipita huku kula, simama kidogo kwenye foleni uwaambie wageni nani anapika.